Katuni za zamani: njia halali ziko, lakini zile za Kongo ziko wapi?

Mahali pa kupatia katuni za watoto panajulikana na kila mzazi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Kalemie. Ni kwenye meza ya kijana mwenye kompyuta na nyaya za simu, pembeni ya barabara. Mzazi anatoa flashi ao kadi ya simu, anasema atiliwe za watoto, analipa franka chache, na kisha dakika kumi Tom na Jerry wako nyumbani. Hakuna anayeuliza kama mwenye filamu alitoa ruhusa. Hata stesheni ndogo za televisheni za mijini zimezoea kujaza saa za mchana na filamu zisizolipiwa na mtu.

Je, mzazi wa mashariki ya Kongo ana njia nyingine? Ndiyo, anayo, na ni nyepesi kuliko wengi wanavyofikiri. Lakini kuna swali la pili lenye uzito zaidi: kwa nini mtoto wa Kongo anaweza kumpata bure baharia Popeye, aliyechorwa Marekani miaka zaidi ya 90 iliyopita, na inakuwa taabu kubwa kuwapata wanyama wa hadithi za nchi yake mwenyewe?

Kijana wa flashi si adui

Haifai kuanza kwa kumlaumu kijana wa meza. Yeye anajaza pengo ambalo wengine wameliacha. Netflix ilifunguliwa kwa Kongo mwezi wa Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 130. Lakini kulipia huduma za namna hiyo mara nyingi kunaomba kadi ya benki, wakati familia nyingi za mashariki zinatunza makuta yao ndani ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kisha AFC/M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango katika miji hiyo miwili. Kumwambia mzazi wa Kadutu alipe kwa kadi kila mwezi ili mtoto wake aone katuni ni kumtania.

Tena, hata mwenye pesa hapati kila kitu. Kampuni kubwa zina tabia ya kutoa filamu leo na kuzificha kesho. Mwezi wa Machi 2025, filamu fupi za Bugs Bunny na wenzake, zile za zamani zilizotengenezwa kati ya 1930 na 1969, ziliondolewa kwenye huduma ya Max huko Marekani, na Max ilikuwa mali ya kampuni ileile yenye kuzimiliki. Mmarekani aliyekuwa analipa kila mwezi aliamka na kukuta sungura hayuko. Kama yeye ametendewa hivyo, mzazi wa Uvira anayeandikiwa kwenye simu kwamba huduma haipatikani katika nchi yake hana haja ya kushangaa.

Hata hivyo, sheria iko. Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi katika Kongo: kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kongo pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unalinda kazi za watunzi wa nchi za kigeni. Wengi watasema kwamba Warner Bros. haitafilisika juu ya meza moja ya Birere. Ni kweli. Lakini mwanamuziki wa Bukavu na mchekeshaji wa Goma wanaumia, kwa sababu kazi zao zinanakiliwa kwenye meza ileile na flashi ileile, pengine siku ileile walipozitoa. Mtoto anayekua akijua kwamba filamu ni kitu kisicho na mwenyewe atakuwa mtu mzima asiyenunua kazi ya jirani yake. Hapo ndipo hasara inaporudi nyumbani.

Filamu zilizokuwa mali ya wote

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa ni kwamba haki ya mtunzi ina mwisho. Ikifika mwisho, kazi inakuwa mali ya umma: kila mtu anaweza kuitazama, kuinakili, kuigawa, hata kuiuzisha, bila kumwomba mtu ruhusa.

Katika Marekani, filamu za miaka ile zinalindwa kwa miaka 95. Ndiyo maana Steamboat Willie ya mwaka 1928, filamu iliyomtambulisha Mickey Mouse kwa watu, ilikuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2024. Filamu nyingine ziliwahi kufika huko mapema, kwa sababu wenyewe walisahau ao walikataa kuongeza muda wa haki zao kama sheria ya zamani ilivyodai. Kati ya hizo kuna filamu 17 za Superman zilizotengenezwa na studio ya ndugu Fleischer na ile iliyoirithi, kati ya 1941 na 1943. Kuna Gulliver's Travels ya mwaka 1939, filamu ndefu kamili. Kuna pia Popeye wa rangi anayekutana na Sindbad, ya mwaka 1936, na Popeye anayekutana na Ali Baba, ya mwaka 1937. Hadithi zenyewe zilitoka katika Alfu Lela Ulela, ambazo wasomaji wa Kiswahili walizijua zamani.

Filamu hizo zinapatikana kwenye hifadhi ya Internet Archive, ambako mtu anaweza kuzitazama ao kuzipakua kabisa. Kwa upande wa nchi nyingine, Mkataba wa Berne unasema kwamba kwa kawaida muda wa ulinzi hauzidi ule wa nchi ambako kazi ilitoka, isipokuwa sheria ya nchi imeamua vingine.

Kuna mipaka mitatu ya kukumbuka. Kwanza, kilicho huru ni filamu ile ya zamani, na si mhusika katika sura zake zote. Mickey wa 1928 ni wa wote, lakini Mickey wa leo angali na mwenyewe, na kuchapa sura yake kwenye mifuko ya shule ni kutafuta kesi. Pili, Tom na Jerry hawamo. Filamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1940, kwa hiyo haki yake itaisha mwisho wa 2035. Tatu, kitu kuwekwa kwenye intaneti hakukifanyi kuwa huru. Hata ndani ya hifadhi kubwa kuna watu wanaoweka vitu visivyo vyao.

Chaneli za wenyewe

Kwa zile ambazo bado zinalindwa, njia ya bure na halali ni chaneli rasmi za YouTube, zilizofunguliwa na wenye haki. Warner Bros. ina chaneli ya WB Kids, ambako vipande vingi vya Tom na Jerry vinawekwa. Pink Panther, ambaye filamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 ilipata tuzo ya Oscar, ana chaneli yake rasmi. Pingu, yule ndege wa barafu kutoka Uswisi, naye ana yake. Wote watatu wana faida moja kubwa kwa nyumba za Kongo: hawahitaji lugha. Mtoto wa Masisi anayesema Kinyarwanda ao Kihunde, wa Beni anayesema Kinande na wa Walungu anayesema Mashi wanacheka pamoja mahali pamoja.

Kwa watoto wa shule wanaosoma Kifaransa, kuna mfululizo wa Il était une fois wa Mfaransa Albert Barillé, aliyeanza na historia ya mwanadamu mwaka 1978 na kisha akaeleza mwili wa binadamu mwaka 1987. Wenye haki wanauweka wazi kupitia chaneli yao ya Hello Maestro. Mwalimu wa biolojia asiye na maabara angeweza kuutumia darasani. Na kwa Kiswahili, kuna Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, na Akili and Me iliyofuata kwa watoto wadogo. Hizo si za zamani sana, lakini zinafundisha hesabu na herufi kwa lugha ambayo mtoto wa Bukavu anaielewa, hata kama Kiswahili cha Dar es Salaam kitamfanya aulize neno moja ao mawili.

Namna ya kutambua chaneli ya kweli si ngumu. Chaneli rasmi huwa na alama ya uthibitisho pembeni ya jina lake, na kampuni yenyewe inaitaja kwenye ukurasa wake. Filamu iliyowekwa na mwizi mara nyingi inajitambulisha yenyewe: picha imegeuzwa kulia kuwa kushoto, imewekewa fremu nene, ao sauti inakimbia kuliko kawaida, yote ili mashine ya YouTube isiitambue. Na kuna hatari kubwa kuliko wizi. Mwaka 2017 ilifunuliwa kwamba video nyingi zilikuwa zinatumia sura za wahusika wanaopendwa na watoto ili kuonyesha mapigano, damu na machafu. Mzazi anayempa mtoto simu na kwenda jikoni hajui video ya tano itakuwa gani. Katika chaneli ya mwenye haki, angalau kuna mtu mwenye jina anayejibu juu ya anachokionyesha.

Hesabu ya mega

Kuna mzazi atakayesema kwamba yote hayo ni mazuri, lakini mega zinatoka wapi. Ni swali la haki. Kwa mfano, Netflix yenyewe inasema kwamba kutazama kwa kiwango cha chini kunakula kama giga 0.3 kwa saa, na kwa kiwango cha juu kunafika giga 3. Tofauti ni mara kumi. Kwa kiwango cha chini, dakika moja ni kama mega 5, na katuni ya dakika 7 ni mega 35. Katuni tatu kwa siku ni zaidi ya mega 100, na kwa mwezi ni zaidi ya giga 3. Kwa familia inayohesabu unga na makaa, hiyo ni pesa.

Kwa sababu hiyo, filamu zilizo mali ya umma ni muhimu kuliko zote. Mtu mmoja anazipakua mara moja, na kartie nzima inazitazama bila kutumia mega tena. Flashi haina kosa, kosa liko katika kile kilichotiwa ndani. Kijana yuleyule wa Birere ao Kadutu anaweza kutengeneza flashi ya watoto yenye Superman wa 1941, Gulliver na Popeye, akaiuzisha mchana bila kuogopa mtu. Atalipwa kwa kazi yake ya kutafuta, kupanga na kunakili, na kazi hiyo ina thamani. Shule, parokia na vituo vinavyopokea watoto waliokimbia vita vinaweza kufanya vilevile, kwa kompyuta moja na ukuta mweupe.

Halali si kusema nzuri

Lakini mzazi asilale. Katuni za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zilitengenezwa katika nchi iliyokuwa inawabagua watu weusi, na ubaguzi huo uliingia ndani ya michoro. Mtu mweusi anachorwa na midomo mikubwa, ni mvivu, ni mwoga, ao ni mla watu aliyesimama pembeni ya sufuria. Filamu 11 za Warner Bros. ziliondolewa kwenye televisheni tangu 1968 juu ya sababu hiyo. Ndani ya Tom na Jerry wa zamani kuna mama mweusi mfanyakazi wa nyumba, asiyeonyeshwa uso, aliyepingwa sana na watu weusi wa Marekani. Muda wa haki ukiisha, filamu mbaya inakuwa huru sawasawa na filamu nzuri.

Dawa ni kutazama kwanza. Mtu mzima atazame filamu yote kabla ya kuitia kwenye flashi ya watoto. Ni kazi ndogo, kwani nyingi hazipiti dakika kumi.

Katuni wakati wa vita

Wengine wataona aibu hata kuandika juu ya jambo hili. Watu wamelala chini ya mahema, shule zimegeuzwa makao ya waliokimbia, vijana wamechukuliwa, na gazeti linazungumza juu ya Popeye. Jibu liko kwa watoto wenyewe. Mtoto aliyesikia risasi siku nzima na ambaye hatoki nje kisha saa kumi na mbili ya jioni anakaa na kitu gani usiku? Pale ambapo hakuna kingine, anakaa na simu ya mkubwa wake, na ndani ya simu hiyo kuna video za maiti na za watu wanaopigwa, zinazotumwa kutoka kundi moja la WhatsApp mpaka lingine. Kumtafutia kitu cha kumchekesha ni sehemu ya kumlinda.

Na Kongo ina mfano wake wa kile ambacho katuni inaweza kufanya kisha machafuko. Mwezi wa Septemba 1991, wanajeshi wasiolipwa walipora mji wa Kinshasa, na wakaaji wakafuata. Mwaka uliofuata, Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Sankuru, alitoa filamu fupi ya katuni juu ya siku zile, akitumia michoro ya watoto walioziona kwa macho yao. Filamu inaitwa Kinshasa, septembre noir. Mwaka 1991 alikuwa amekwisha kutoa Le Crapaud chez ses beaux-parents, hadithi ya chura anayekwenda ukweni. Mwaka 1999 alitoa Muana Mboka, juu ya mtoto wa barabarani katika Kinshasa. Studio yake inaitwa Malembe Maa.

Hata kabla yake, miaka ya 1950, padri Mbelgiji wa shirika la Scheut, Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza katika Kongo ya wakoloni mfululizo wa katuni juu ya Mboloko, yule swala mdogo wa hadithi anayewashinda wanyama wakubwa kwa akili. Mkono ulikuwa wa mmisionari na kusudi lilikuwa lake, lakini hadithi zilitoka kwa wazee wa Kongo. Ni kusema kwamba Mboloko alitembea kwenye skrini wakati Tom na Jerry walikuwa bado wanatengenezwa.

Ni wazazi wangapi wa Goma ao Bunia wanaojua majina hayo? Hapa ndipo aibu ilipo. Popeye anapatikana kwa kubonyeza mara mbili. Chura wa Kibushi mtu anamsikia kwenye festivali na katika vitabu vya watu wanaochunguza sinema ya Afrika. Mtoto wa Kindu hana njia rahisi, ya bure na halali ya kumwona, na mtoto wa Sankuru, alikotoka mtengenezaji mwenyewe, hana nafuu zaidi.

Nani afanye nini

Kwa Kibushi, njia ya haki si kunyang'anya. Ni msanii mwenye kazi zake, na kumweka kwenye flashi bila ruhusa kungekuwa kurudia kosa lilelile juu ya mtu wa nyumbani. Njia ni kumlipa. Televisheni ya taifa, RTNC, ina kazi ya kununua haki za kuonyesha filamu kama hizo na kuzirusha saa ambayo watoto wanatazama, si saa sita ya usiku. Wizara ya utamaduni, inayosema kila mwaka juu ya fahari ya taifa, ingeweza kulipia tafsiri katika lugha nne za taifa, na Kiswahili kikiwa kimoja kati yake. Filamu ya dakika chache haihitaji bajeti ya barabara.

Kwa Mboloko, Ubelgiji na mashirika ya wamisionari wana neno la kujibu. Miaka hii kuna mazungumzo mengi juu ya kurudisha vinyago na vitu vya makumbusho. Filamu ni nyepesi kuliko kinyago: nakala yake inaweza kurudi bila ya asili kuondoka mahali ilipo. Kongo iombe nakala hizo, na ziwekwe wazi kwa shule, pamoja na maelezo ya namna zilivyotengenezwa na kwa kusudi gani.

Na vijana wa mashariki wasingoje Kinshasa wala Brussels. Kituo cha Yolé!Africa mjini Goma kimefundisha sinema kwa vijana wengi, na wako wengine wenye kompyuta, maikrofoni na ulimi mwepesi. Filamu iliyo mali ya umma inaweza kuwekewa sauti mpya. Hakuna wa kuwazuia kumfanya Gulliver aseme Kiswahili cha Bukavu, chenye matani ambayo mtoto wa Nguba ao Panzi atayaelewa bila kueleziwa. Stesheni ndogo za televisheni zinazoiba kwa sababu hazina pesa zingepata kitu cha kurusha kwa haki, na watoto wangepata sauti inayofanana na ya nyumbani.

Mzazi naye ana sehemu yake, na inaweza kuanza jioni ya leo: kuuliza filamu imetoka wapi, kuitazama kwanza, na kumwambia mtoto ni nani aliyeichora. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu nyuma ya picha ataanza siku moja kuuliza kama na yeye anaweza kuchora. Siku hiyo atakapouliza, inafaa awepo mtu wa kumwonyesha chura wa Kibushi, na si Popeye peke yake.